Kidole Kimoja, Sufuria Tatu

Sehemu ya saba

"Mama, kidole hiki ni chako!"

Hapo ndipo tulipomwacha Vivian Nasike Jumamosi iliyopita, mkono mmoja umeshika kioo cha kukuzia, mwingine ukimwelekea mama aliyemzaa.

Kama gazeti lilikupita, sikiza haraka, maana muda wa Vivian ni mfupi.

Kina mama wa Kaloleni wana sufuria kubwa za kupikia harusi na matanga. Huwekwa katika stoo nyuma ya ukumbi. Kwa wiki tatu mfululizo, kila wiki sufuria moja imetoweka. Ufunguo wa stoo anao Mzee Nyongesa, mlinzi wa ukumbi. Mwenyekiti Gitonga ametangaza kwamba leo, saa tisa alasiri, mzee huyo atakabidhiwa polisi na virago vyake vitatolewa katika chumba alichoishi miaka kumi na mmoja.

Mtu mmoja tu alipinga. Vivian ana digrii ya sayansi ya uchunguzi wa jinai, na hana kazi. Alisimama mbele ya umati akasema, "Nipeni hadi Jumamosi. Mwizi ameacha kidole."

Na kweli, kilipatikana. Alama ya kidole gumba kimoja, katika sehemu tatu: kwenye kifuniko kilichobaki sufuria ya kwanza ilipoibwa, kwenye kufuli wiki ya pili, na kwenye chuma cha dirisha wiki ya tatu. Vivian akachukua alama za mlinzi na za wanakamati wote kwa wino wa mhuri. Karatasi ya Mzee Nyongesa ilitoka tupu kabisa, na watu wakashika vifua. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mamake.

Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Mama Vivian hakuacha kufunga njugu zake. Alikuwa ameketi kitini, beseni mapajani, akijaza vipakiti vya kuuza.

"Kidole changu kimefanya nini?"

"Kimeiba sufuria tatu."

"Chenyewe?"

"Mama, usicheke! Tazama. Kovu hili hapa, linalokata mistari katikati. Ni lile ulilojikata na kopo la siagi. Liko kwenye kifuniko, liko kwenye kufuli, liko kwenye dirisha."

Mama Vivian akajifuta mikono, akachukua kioo, akainama juu ya kadi nyeupe ambayo Vivian alikuwa amebandikia alama kwa selotepu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kimetoka vizuri," akasema. "Hata picha yangu ya kitambulisho haikutoka hivi."

"Mama!"

"Nisemeje?"

 Chuoni Vivian alifundishwa kwamba muuaji wa kwanza kufichuliwa na alama ya kidole, huko Ajentina zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuwa mama wa nyumbani. Kidole chake kilibaki mlangoni, kimepakwa damu. Hakujua kwa nini alimwambia mamake jambo hilo wakati huo. Lakini alimwambia.

"Alifanya nini huyo mama?"

"Aliua watoto wake."

"Na mimi nimeiba sufuria. Asante kwa kunipa wenzangu wa heshima." Mama Vivian akamrudishia kioo. "Wewe mtoto, nimekusomesha miaka minne ili uje unishike?"

Nje, hatua za mtu zilisikika zikiondoka mlangoni.

Vivian akaufungua mlango kwa ghafla. Palikuwa na kikapu cha sukuma wiki kizingitini, mbichi, bado ina maji. Mgongo wa Mzee Nyongesa ulikuwa ukipinda kona ya nyumba za jirani. Kila Jumamosi mzee huyo huwaletea mboga anazopanda nyuma ya ukumbi. Hata leo, siku ya kufukuzwa kwake, alikuwa amezileta.

"Ametusikia," Vivian akanong'ona.

"Amesikia nini? Mimi niliye ndani sijaelewa." Mama Vivian akarudi kwa njugu zake. "Kaa chini tufikirie kama watu. Kifuniko nimekishika, sikatai. Nimekiosha miaka tisa. Kufuli nimelishika, nani hajalishika? Lakini dirisha la nyuma? Lile la uchochoroni, la kufikiwa kwa kupanda matofali? Na goti hili?"

"Ndiyo maana ninaogopa, Mama. Kama ulipanda..."

"Vivian. Mara ya mwisho nilipopanda kitu kirefu kuliko kitanda, ulikuwa hujazaliwa."

Lilikuwa neno la kweli. Goti la Mama Vivian linajulikana Kaloleni nzima. Akienda kanisani huondoka nyumbani wakati wengine bado wanakunywa chai.

Basi kidole kilifikaje dirishani bila mwenye kidole?

Vivian aliinua macho amuulize. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho kingepaswa kumfumbua macho wiki tatu zilizopita.

Mamake alinyoosha mkono hadi kwenye boksi la bati lililo juu ya kabati. Boksi hilo Vivian alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa: USHAHIDI. USIGUSE. Mama akalifungua kama anayefungua kopo la chumvi, akatoa selotepu, akakata kipande kwa meno, akafunga kipakiti cha njugu. Kisha akabonyeza kidole gumba kwenye gundi ya mwanzo wa utepe uliobaki, akauvuta kidogo kuona kama bado unashika vizuri, akairudisha ndani ya boksi.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimefunga njugu."

"Kwa selotepu yangu?"

"Yako? Iko nyumbani mwangu."

"Tangu lini unaitumia?"

"Tangu uilete. Yangu iliisha. Lakini nikimaliza huirudisha pale pale. Unadhani mimi ni mwizi?"

Vivian aliinuka. Alichukua sahani ya bati, akaiosha kwa maji yanayochemka, akaikausha bila kuigusa katikati. Akainyunyizia masizi laini ya koroboi kwa brashi yake ya poda ya uso, vile vile alivyofanya kwenye kifuniko, kwenye kufuli na kwenye dirisha. Hapakuwa na alama yoyote. Sahani safi kama dhamiri ya mtoto mchanga.

Akatoa selotepu. Akakata kipande cha kwanza. Akakibandika kwenye sahani, akakibandua, akakilaza juu ya kadi nyeupe.

Kidole gumba cha Mama Vivian kikatokea, kovu na yote.

"Ala!" Mama Vivian akasema. "Sasa nimeiba sahani pia?"

Vivian aliketi sakafuni. Alikumbuka somo la muhula wa mwisho. Huko Ujerumani, polisi walimsaka mwanamke mmoja kwa miaka mingi, kwa sababu chembe za mwili wake zilipatikana kwenye visa vingi, vya wizi na vya mauaji. Walimwogopa kama jini. Mwishowe ikajulikana alikuwa mfanyakazi mnyonge wa kiwandani, aliyekuwa akifungasha vijiti vya pamba ambavyo polisi wenyewe walivitumia kukusanyia ushahidi. Darasa zima lilicheka siku hiyo. Vivian ndiye aliyecheka zaidi.

"Hakuna mwizi mwenye kidole hiki, Mama. Kuna wewe na njugu."

"Si nilikwambia?"

"Nimewaambia watu mia mbili kwamba sayansi haidanganyi!"

"Haijadanganya. Imesema selotepu imeshikwa na Mama Vivian, na imeshikwa na Mama Vivian." Akaweka beseni chini. "Sasa unalia nini?"

"Sina kitu kingine. Nikisema ukweli, Mzee Nyongesa anaenda ndani. Nikinyamaza na kadi zangu zionekane, unaenda wewe."

Mama Vivian akashika meza, akainuka polepole na goti lake.

"Basi vaa viatu," akasema. "Tutachelewa."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watu walikuja toka Makadara, na wengine hata toka Mowlem, maana habari ya kidole ilikuwa imevuka mitaa. Vijana walioegemea mlango walimwona Vivian wakapiga mbinja.

"Niaje, Daktari wa Vidole!"

"Leo unamshika nani, Dakta? Mimi nimenawa!"

Mbele, kwenye meza yenye kitambaa cha bluu, alikaa Koplo Wehliye, polisi mrefu mwenye macho ya upole, kalamu mkononi, chai pembeni. Alikuwa ametumwa asubuhi hiyo tu, na barua ya malalamiko aliyopewa ilikuwa na mistari minne. Nyuma kabisa, Shiku, mkewe Mwenyekiti, alikuwa akimimina chai kutoka birika kubwa.

Mwenyekiti Gitonga alikuwa amesimama. Alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza na watu walio ng'ambo ya Barabara ya Jogoo.

"Ndugu zangu! Wiki ya tatu kufuli lilikuwa jipya. Halikuvunjwa. Ukiacha ule wa kamati, ufunguo anao mtu mmoja. Na mtu huyo, tulipomchukua alama, hana alama! Nawauliza, ni mtu gani mwema asiye na vidole?"

"Amevichoma!" sauti ikatoka nyuma.

"Amepaka dawa ya kwao!"

"Dawa gani?" akauliza mwingine. "Mimi nahitaji, nina kesi ya mkopo!"

Watu wakacheka. Mzee Nyongesa hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele peke yake, mikono mapajani, viganja juu. Kwa miaka thelathini kabla ya kuwa mlinzi alichonga mawe na kukoroga saruji. Viganja vyake vilikuwa laini na vinang'aa kama sabuni iliyotumika.

"Baba yangu," akasema taratibu, "alivalishwa shingoni na Wazungu kipande, cheti cha kazi chenye alama za vidole vyake. Hakuweza kutembea bila vidole vyake kumtangulia. Mimi vimekataa kunijua."

"Tuache hadithi za zamani!" Gitonga akapaza sauti. "Daktari wetu amefika. Vivian, binti yangu, njoo. Tuambie kidole ni cha nani, tumalize."

Vivian alitembea mbele. Kadi zilikuwa mkobani. Mkoba ulikuwa mzito kana kwamba umebeba sufuria zenyewe. Akafungua mdomo.

"Ni mimi."

Si yeye aliyesema. Mzee Nyongesa alikuwa amesimama.

"Msimsumbue mtoto. Ni mimi niliyeiba. Zote tatu. Koplo, twende."

Ukumbi ulilipuka. Gitonga alifunga macho kama mtu aliyesikia wimbo mtamu. Lakini katikati ya kelele, sauti moja ilipanda juu ya zote.

"Nyongesa! Acha uongo, ukumbi huu umeombewa!"

Ilikuwa ya Mama Vivian. Na mzee alipogeuka kumtazama, Vivian alielewa. Mzee alisikia mlangoni. Alisikia "kidole hiki ni chako" na akaondoka kabla ya kusikia habari za njugu. Mzee huyu alikuwa anakwenda jela ili mamake asiende.

Macho ya Vivian yakajaa. Akayafuta haraka. Machozi hayakuwahi kumtoa mtu kituoni.

"Koplo Wehliye," akasema, "naomba nimuulize mzee maswali mawili."

"Uliza hata matatu," Koplo akasema. "Chai bado iko."

"Mzee, ulizitoaje sufuria?"

Mzee Nyongesa alifikiri. "Kwa dirisha."

"Dirisha la nyuma?"

"Hilo hilo."

Vivian alitoa futi ya fundi nguo mfukoni. "Dirisha hilo nimelipima. Upana wake ni sentimita arobaini na mbili. Sufuria ndogo kabisa iliyopotea ina upana wa sentimita sabini. Ilipitaje?"

 Mzee alipima hewani kwa mikono miwili.

"Niliikunja," akasema Mzee Nyongesa.

"Uliikunja sufuria?"

"Alumini ni laini."

"Zote tatu?"

"Nilianza na moja, nikaona inakunjika."

Kicheko kilianzia mlangoni kwa vijana, kikafika mbele kama maji. Koplo aliweka kikombe chini ili asimwagikiwe.

"Na ukishaikunja, mzee," Vivian akauliza kwa sauti ndogo, "uliikunjuaje?"

Mzee akamsogelea, akanong'ona, lakini ukumbi ule una mwangwi na kila mtu alisikia. "Mwanangu, niache. Mke wangu alipofariki, mama yako aliniletea chakula siku arobaini. Hakukosa hata moja. Acha niende."

Kicheko kilikatika.

Mama Vivian alijifunika uso kwa leso. Msomaji, mimi naamini kuna watu katika mitaa yetu ambao wanaweza kusimama mahali pa mwenzao bila kupigiwa makofi. Huonekana mara chache kwa sababu tunatazama kwingine.

Vivian akazitoa kadi tatu mkobani, akaziweka mezani.

"Sikilizeni. Kidole kwenye kadi hizi ni cha mama yangu."

"Eeeh!" ukumbi ukanguruma.

"Lakini hakiko kwenye kifuniko, wala kwenye kufuli, wala kwenye dirisha. Kiko kwenye selotepu yangu. Mama aliitumia kufungia njugu. Kila asubuhi alibonyeza kidole chake kwenye gundi, kisha mimi nikaenda nikabandika gundi ile kila mahali, nikasema nimempata mwizi. Nimejaribu kwa sahani safi nikapata kidole kile kile. Sikulinda ushahidi wangu. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ni langu. Na kuhusu Mzee Nyongesa kukosa alama, si ushahidi wa kitu chochote. Saruji hula ngozi. Tazameni mikono ya fundi yeyote hapa. Nilijua hilo siku ile, na nilipaswa kulisema kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimefurahia sana kidole changu."

 Kisha kijana mmoja mlangoni akasema, "Kumbe ni Daktari wa Njugu!"

Wakacheka tena, lakini Vivian hakuinamisha kichwa. Fundi mmoja katikati ya ukumbi alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe. Akamwonyesha mwenzake. Yule naye akatazama vyake.

"Kwa hiyo huna kitu," Gitonga akasema.

"Sina."

"Hana kitu! Koplo, mtu amekiri mwenyewe mbele ya umma. Mchukue."

Koplo akasimama, akavaa kofia. Mzee Nyongesa akanyoosha mikono yake miwili mbele, kama anayesubiri kupokea mtoto.

Na hapo, akiwa hana masizi, hana brashi, hana kadi, Vivian alikumbuka swali. Ni swali ambalo kila askari na kila mama mwenye watoto huanza nalo. Katika wiki tatu za poda na vioo, hakuwa ameliuliza.

"Mzee Nyongesa. Alhamisi, siku ile sufuria ya tatu ilipopotea, ulikuwa wapi?"

"Alhamisi?" Mzee akakuna kichwa. "Si nilikuwa kwenye foleni ya usajili."

"Foleni gani?"

"Ile ya vidole. Ya kusajiliwa matibabu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi."

Kofia ya Koplo ilisimama nusu kichwani.

"Ngoja," Koplo Wehliye akasema. "Ngoja kwanza. Mzee wa koti la kijani?"

"Nimelifua," Mzee Nyongesa akasema kwa aibu.

"Ni wewe! Nilikuwa nikisema sura hii naijua!" Koplo akawageukia watu. "Alhamisi nililinda foleni hiyo kutwa nzima. Mashine ilikataa vidole vya mzee huyu mara kumi na nne! Wakampangusa na spiriti, wakampaka mafuta, mashine ikakataa. Mimi mwenyewe nilimletea kiti. Aliondoka saa kumi na moja jioni, wa mwisho kabisa, akanishukuru!"

Mama Vivian alishaanza kuhesabu kwa vidole. "Sufuria ile niliirudisha stoo mimi, Alhamisi saa tatu asubuhi, tukitoka kwenye matanga ya Makadara. Katibu alinifungulia kwa ufunguo wa kamati. Saa tisa tulikuja kuichukua tena, mmoja akachungulia dirishani, haipo."

"Saa tatu hadi saa tisa," Koplo akasema, akiandika haraka. "Mzee alikuwa mbele ya macho yangu. Kwa nini hukusema?"

"Waliniuliza kama nina ufunguo, nikasema ndiyo," Mzee Nyongesa akajibu. "Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi."

Vivian alitamani sakafu impokee. Lakini sasa alikuwa na kitu. Vidole vile vile vilivyomfanya mzee kuwa mwizi ndivyo vilivyomweka kwenye kiti cha polisi kutwa nzima.

"Na ufunguo wako siku hiyo?"

"Mfukoni. Huu hapa."

"Na wa kamati?"

Katibu, dada mmoja aitwaye Nabiswa, akainua bahasha. "Nilimfungulia Mama Vivian, nikafunga, nikaurudisha humu. Nikaenda nao kazini mjini, na kila mtu kazini aliniona."

"Funguo mbili, na hakuna uliofungua," Koplo akasema. "Kufuli halikuvunjwa. Basi kuna wa tatu."

"Hakuna wa tatu!" Gitonga akasema. "Kufuli nilinunua mimi. Lilikuja na funguo mbili."

"Tatu."

Sauti ilitoka safu ya nne. Ilikuwa ya Awiti, mama mnene anayeuza misumari, rangi na makufuli karibu na soko. Alikuwa bado anatafuna njugu za Mama Vivian.

"Nimesema mbili, Awiti."

"Na mimi nimesema tatu, Mwenyekiti. Zilikuwa zimefungwa kwa waya. Ukaniomba nikuvunjie waya kwa koleo kwa sababu una haraka."

"Unauza makufuli mangapi wewe? Utakumbuka langu?"

"Mwezi huu? Nimeuza moja."

Hakuna aliyecheka safari hii. Gitonga alivuta tai yake. Akavuta tena. "Labda... labda ulianguka njiani."

"Haukuanguka. Ulikuwa mfukoni mwa koti lako."

Watu waligeuka. Nyuma ya ukumbi, Shiku alikuwa ameweka birika chini. Alikuja mbele akipita katikati ya viti, taratibu, na kila mtu akavuta magoti kumpa njia. Alipofika mezani, akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akaweka kitu kwenye kitambaa cha bluu.

Ufunguo.

"Shiku," Gitonga akasema. Sauti yake haikufika hata safu ya kwanza.

"Nimenyamaza wiki tatu," Shiku akasema, akimtazama Koplo, si mumewe. "Nilijiambia ni sufuria tu. Nilijiambia mzee hatafungwa kwa sufuria, watamkemea, yataisha. Leo nimeona mtu anajiita mwizi ili jirani yake asiitwe mwizi. Nikashindwa kumimina chai. Mkono ulikataa."

Koplo alitoka na ufunguo, vijana wote nyuma yake. Ukumbi ulisikiliza. Kutoka uani ikasikika sauti moja ndogo: ta! Kisha kelele za vijana. Kufuli lilikuwa limefunguka.

Koplo aliporudi, alienda kwanza kwa Mzee Nyongesa, ambaye bado alikuwa amenyoosha mikono. Akaishika yote miwili, akaishusha.

"Chumba chako kiko nyuma hapa, sivyo?"

"Kilikuwa."

"Bado kiko. Kaa chini, mzee. Kina mama, mpeni chai, yeye kwanza."

Nusu ya ukumbi ikaanza kupiga makofi, na waliosema amepaka dawa ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Mama Vivian alimpelekea mzee kikombe mwenyewe, goti na yote. Hawakusema neno. Alimpiga begani mara moja, kwa hasira, kisha akaketi kando yake.

"Sasa, Mama," Koplo akamwambia Shiku, "sufuria ziko wapi?"

"Mowlem. Una gari?"

"Nina pikipiki."

"Haitoshi."

"Kwa sufuria tatu? Tutafunga kwa kamba."

"Koplo, si tatu." Shiku alivuta pumzi. "Hizo tatu ni za hapa. Ziko na nyingine. Za Makadara, za kanisa letu, za watu ambao bado hawajajua kama wameibiwa. Mara ya mwisho nilihesabu arobaini na moja."

Mama mmoja katikati akapiga yowe. "Yangu ya harusi ya mwanangu Griffins!"

"Arobaini na moja!" Koplo akarudia, kalamu imesimama hewani. "Zinafanya nini Mowlem?"

"Sasa hivi? Ziko motoni. Zote. Zinachemka tangu asubuhi."

Vivian alisogea karibu. Alikuwa akiwaza matanga, akiwaza harusi, akiwaza karamu ya watu elfu moja, na hakuna hata moja iliyotosha.

"Zinapika nini, Mama?" akauliza. "Chakula gani hicho?"

Shiku alifungua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani kando ya ufunguo.

"Si chakula," akasema. "Muulizeni mume wangu."

(Itaendelea Jumamosi ijayo.)